Tulimfungia chumbani kaka aliyetoka jela tukidhani ana jini

Wakuu salaam. Hii si chai na sijasimuliwa na mtu. Imetokea nyumbani kwetu Kikwajuni, na aliyekosea zaidi ni mimi ninayeandika.

Kaka yangu Haji katoka jela mwaka huu, baada ya miaka minne. Mama akapika pilau, majirani wakajaa, dua ikasomwa. Tukajua yameisha.

Yameisha wapi!

Mama akimwita "Haji!", anaitikia "Naam afande!" na ameshachuchumaa, mikono kichwani. Huko ndani ndivyo walivyokuwa wakihesabiwa. Mama akiona hivyo anakimbilia jikoni kulia.

Sahani anaikumbatia, dakika mbili kamaliza. Mlango ukijibamiza kwa upepo, jasho linamtoka. Na chumbani hakai mlango ukiwa umefungwa.

Sasa ingia shangazi yetu, Bi Mwanaisha. Huyu anajua kila kitu bila kuulizwa. Mwaka jana friji liligoma, akasema ni hasidi. Friji, wakuu! Waya ulikuwa umeliwa na panya.

"Huyu kapandwa," akasema. "Jini la huko huko ndani. Nshaona wengi mie."

Nilibisha? Kidogo. Nilikuwa nimechoka, namtaka kaka yangu wa zamani hata kwa njia ya mkato.

Ijumaa baada ya sala akaja mganga wa shangazi. Sharti: mgonjwa akae chumbani na chetezo cha ubani, madirisha yafungwe, mlango ukomewe kwa nje ili moshi usitoke.

Haji akaniangalia. "Mdogo wangu, usinfungie."

"Dakika kumi tu, kaka."

Komeo nililisukuma mimi, kwa mkono wangu huu.

Hata dakika mbili hazikufika. "Afande nfungulie! Ntakufa, nfungulie!"

Nikashika komeo, shangazi akanishika mkono. "Usifungue! Hilo jini ndilo linalosema." Na mimi mjinga nikasita. Ndani nikasikia kioo cha dirisha kinavunjika.

Nilipofungua, mkono wake ulikuwa unachuruzika damu. Akatupita wote, akaenda kukaa barazani.

"Mmeona? Limeshindwa na moshi!" shangazi akasema. Nilichomjibu moderator atakifuta, tuendelee.

Hospitali, tulipomweleza muuguzi aliyemshona kwamba katoka jela, alimwuliza yeye, si sisi: "Huko ulikotoka, walikufungia peke yako?"

"Siku tisa. Chumba hakina dirisha."

Wakuu, wiki sita yuko nyumbani, hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza hivyo. Sisi tulimwuliza walikuwa wanakula nini!

Muuguzi akasema ni maradhi yanayojulikana, PTSD. Mtu ametoka lakini mwili bado unajihami kama yuko kule. Akatuelekeza kwa mshauri, na sasa Haji anakwenda kila wiki.

Tatizo, hakutaka tena kuingia ndani. Siku nne anakula barazani, wapita njia wanamkodolea macho. Niliona aibu, halafu nikaona aibu kwa kuona aibu. Nikachukua bisibisi, nikaung'oa mlango wa chumba chake na kuuegemeza uani.

"Wageni watasemaje?" mama akalalamika. Nikatundika pazia.

Jana mchana nimemkuta kitandani kwake, anakula taratibu. Mama akajisahau, akamwita kwa sauti.

"Naam," akaitikia. Akainuka nusu, magoti yameshaanza kukunjika. Akasimama hapo kidogo. Kisha akakaa, akaendelea kula. Mimi nikaenda uani kulia nyuma ya ule mlango.

Nilichojifunza: mtu wako akitoka jela, kabla ya pilau na mganga, mwulize anaogopa nini. Wangu aliniambia bila kuulizwa, nami nikamjibu "dakika kumi tu".

Mliopitia haya, nyinyi wenyewe au ndugu zenu, niambieni: ilichukua muda gani? Na kama mlimkosea kama mimi, mlimwombaje radhi? Maana mie bado sijaweza.

Shangazi anautaka ule mlango akautie kwake. Nimemwambia auchukue, na komeo lake.