Mrija Wangu Mlangoni kwa Baba Mdogo

Niliacha pombe kwa sababu ya chuki. Wenzangu walioacha humtaja Mungu, au watoto, au ini lao, nami huwasikiliza kwa heshima kwa sababu sina la kuongeza. Mimi nilikuwa na baba mdogo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilirudi nyumbani, upande wa Kabianga, na digrii ya historia na koo lisiloshiba. Nilipata kazi ya kufundisha sekondari. Katikati ya wiki nilikunywa kama msomi, yaani peke yangu na kwa visingizio vilivyopangwa vizuri. Jumamosi mchana nilikunywa kama mtoto wa nyumbani, kwa mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye boma lake lilitengana na letu kwa mistari michache ya chai.

Pale kwake chungu cha pombe ya wimbi, yaani ulezi, kiliwekwa katikati ya nyumba na wanaume wakakizunguka kwenye vigoda, kila mmoja akivuta kwa mrija wake mrefu uliotokana na mmea wa msituni. Mrija haukuazimwa. Ulikuwa wa mtu kama mswaki ulivyo wa mtu, na wanywaji walipoondoka waliuacha kwa mwenye nyumba, ndani ya ala ya mwanzi iliyotundikwa ukutani. Mradi mrija wako uko ukutani kwake, nafasi yako kwenye duara ilikuwa yako. Kuondoka kabisa kulikuwa na njia moja tu: kwenda kuuchukua.

Mimi nililazimika kuondoka kwa sababu ya Kidato cha Nne. Nilikuwa nimewaeleza kwa ufasaha mkubwa sababu za vita fulani, ubao umejaa, nikageuka kupokea maswali. Msichana wa dawati la mbele akasema kwa adabu kwamba somo hilo niliwapa jana, na juzi pia. Mwalimu mkuu aliposikia alinipa muhula mmoja: nijirekebishe au nirudi kuchuma chai na digrii yangu.

Nikaenda kwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mgawa dawa, mtu aliyehamia kwetu kutoka milima ya magharibi, ambaye watu walinong'ona kwamba zamani alikunywa mpaka spiriti ya kusafishia vidonda. Hakukana. Alinishika mkono, akaniuliza kama ninaogopa moto wa jehanamu. Nikasema sina hakika. Akaniuliza kama nina mke. Nikasema alirudi kwao.

"Basi mwalimu, una nini?"

Nikafikiri sana, nikasema nina baba mdogo ninayemchukia.

"Huyo anatosha kwa sasa," akasema, akanipa vidonge na kuniamuru nilale pale siku nne.

Nisimsingizie mzee: wakati huo chuki ilikuwa ndogo tu, ya kawaida ya mashamba yanayopakana. Yeye mwenyewe aliikuza. Nilipotoka zahanati nilikwenda kuomba mrija wangu. Alikuwa ameketi nje akikausha miguu baada ya kuchuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akautoa kwenye ala, na badala ya kunipa akautundika kwenye mwimo wa mlango, upande wa nje, mahali ambapo kila aliyepita kwenda kuuza majani angeuona.

"Wacha ukae hapo, mwalimu," akasema. "Mtu akisafiri hahami. Kabla wimbi haijavunwa utakuja kuniuliza kama panya wameutoboa."

Tangu siku hiyo nikawa habari ya njiani. Akina mama wenye vikapu vya chai mgongoni waliuliza kama yule msafiri amerudi. Wanaume waliokunywa naye waliniita mgeni. Kanisani kijana mmoja aliniuliza kwa upole kama ni kweli mzee ananitunzia nafasi. Kila nilipotamani kunywa, na nilitamani mpaka meno yakauma, niliuona ule mrija na uso wa baba mdogo chini yake ukisubiri kwa starehe. Nikanywa maji. Wimbi ikavunwa, naye akatangaza kwamba alikuwa na maana ya mavuno ya mwaka ujao.

Hapo nikaanza kisasi changu, nami nakiri kwamba sijawahi kufanya utafiti wa historia kwa bidii kama ile. Kila Jumamosi nilichukua chupa ya chai ya maziwa, nikaenda kuketi kwenye kigoda changu. Hawakuweza kunifukuza, mrija wangu ulikuwa mlangoni. Nilikunywa chai na kusikiliza. Jumapili, baada ya ibada, niliwaendea mmoja mmoja na kuwauliza habari za maneno yao. Huyu nilimpongeza, mbele ya mkwe wake, kwa ahadi aliyoitoa jana kwenye duara ya kumpa mtamba. Yule nilimuuliza, mkewe akiwa kando, kama bado anaona wali wa jirani una ladha kuliko wa nyumbani. Sikutia chumvi hata kidogo. Ukweli ulikuwa unatosha.

Katika miezi michache duara lilipungua. Wanaume waligundua kwamba wana kazi Jumamosi. Wakaja wanne, wakaja wawili wasiosema kitu, kisha siku moja tukabaki mimi na baba mdogo na chungu kizima. Chungu cha wimbi hakinywewi na mtu mmoja. Kwetu hiyo ni aibu ya kuhadithiwa watoto. Alinitazama, akakimwaga nje kwenye migomba. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Digrii yote ile, na sikuona kilichofuata. Kwenye duara wazee walimwambia mtu apumzishe mrija wake, akapumzisha. Nilipolivunja duara, baba mdogo alihamia kwenye chang'aa, kwenye glasi, ambako hakuna wa kumwambia pumzisha. Alikunywa nyuma ya jiko tangu asubuhi. Chai yake ikakua mpaka ikawa miti. Mwezi wa nne wa hali hiyo mama mdogo alikuja kwangu mchana, akakataa kuketi.

"Umemshinda," akasema. "Mimi nimeona, kijiji kimeona. Sasa mchukue."

Nilimkuta sakafuni, macho ya njano, hanitambui. Nilimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa majani. Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa na huruma. Nilichofikiri njiani ni kwamba akifa, hakuna tena mtu duniani ambaye nitakuwa namnyima raha kwa kutokunywa. Nilimhitaji mzima, macho wazi, akinitazama kila siku.

Nilikaa naye wiki tatu. Nilimshikia kikombe cha uji, nikabadilisha mashuka, nikavumilia matusi ambayo hata kwenye chungu sikuwahi kuyasikia. Alipoanza kujua yuko wapi, aliniomba glasi moja tu. Nikamwambia, "Baba, subiri wimbi ivunwe." Alilia. Sikujuta, na leo bado sijajuta.

Hakurudia pombe tena. Mwaka uliofuata alisimama kanisani, shati jeupe, akatoa ushuhuda uliowaliza watu. Alimshukuru Mungu, dresa, na mkewe. Kisha akaninyooshea kidole kwenye benchi la nyuma na kuwaambia waumini kwamba kwa miaka yote ile, hata alipokuwa amelewa, hakuacha kumwombea yule mtoto wa kaka yake aliyekuwa mlevi, na mwone, maombi yamejibiwa. Kanisa zima likageuka kunipigia makofi.

Nilisimama, nikainamisha kichwa kwa adabu. Nilihesabu kwamba alikuwa na afya ya kuishi miaka ishirini zaidi, nami nikaamua, pale pale, kwamba yote ishirini ataniona nikiwa mkavu, bila tone la pombe.