Baridi ya Chumba cha Mama

Fundi amemaliza kufunga kiyoyozi ukutani, chumbani kwangu hapa Dar, na amekiwasha. Upepo wa kwanza umetoka na harufu ya vumbi la ukuta aliotoboa, kama majivu yaliyomwagiwa maji.

"Chumba kitapoa sasa hivi, dada," ananiambia.

Kwetu Tukuyu hakuna mtu aliyehangaika kutafuta baridi, isipokuwa siku ile. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, lakini moto wa jikoni bibi aliumwagia maji, akafungua madirisha yote. Mama alikuwa amelazwa sakafuni, juu ya majani mabichi ya migomba. Nilishaambiwa kwamba amefariki. Mimi niliona tu miguu yake iko wazi, na mama hakuwahi kuipenda baridi. Nikaleta blanketi langu, nikamfunika mpaka kidevuni.

Bibi akalivuta polepole.

"Usimpe joto, mjukuu wangu. Baba yako bado yuko njiani, anataka amkute vizuri."

Nikakaa mlangoni nimelikumbatia blanketi lile, meno yanagongana. Sikujifunika.