Pamba Isiyo na Mnunuzi

Juzi fundi wa Mwisenge alichana godoro langu la pamba, harufu ikanipanda puani nikashindwa kukaa. Nikatoka, nikarudi, nikatoka tena, kama baba mwaka ule pamba yetu kule Bunda ilipokosa mnunuzi. Sabuni nayo hakuna, tulikuwaga tunafulia majani ya mpapai, lakini hiyo ni habari nyingine. Baba halali, hali, anazungukaga boma tu. Kilichokuja kumkalisha chini ni kuchambua ile pamba: safi huku, fifi yenye madoa kule. Akichambua, anakula.

Ikafika siku akamaliza. Alipoenda kunywesha ng'ombe, mama akamwaga mafungu yote mawili pamoja, akavuruga kwa mikono.

“Mama, baba atapiga mtu.”

“Nyamaza wewe. Unataka arudie kuzunguka?”

Baba akarudi, akasimama mbele ya lile rundo. Pamba yake aliijua. Akamtazama mama, mama akajifanya anapepeta mtama.

“Mama watoto, hii pamba imechafuka kweli.”

“Ndiyo, mzee. Hata mimi nimeona.”

Akavuta kigoda, akakaa. “Basi ugali niletee hapa hapa.”