Mikatizo Mamilioni na Mkataba wa Mama Odette

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa idara ya kompyuta alifungua chumba cha mashine, akanionyesha kabati la chuma lenye taa za kijani, akasema: "Apa unaguza na macho kwanza. Mikono itakuya nyuma." Nilikuwa nimejifunza kompyuta peke yangu, kwa vitabu vya kuazima na mashine mbovu za majirani wa mtaa wetu wa Kampemba, kwa hiyo agizo hilo lilinifaa.

Tulikuwa katika maabara inayopima mawe ya migodi. Nilianzia kwenye printa, kisha nikahamishiwa chini ya Mama Odette, fundi wa seva na betri. Yeye ndiye aliyezikusanya seva zetu za zamani ndani ya moja mpya, zikawa mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili wake, zinazoishi pamoja katika kompyuta moja ya kweli.

Nilipewa kazi ya kuandika ripoti ya kila mwezi ya seva hiyo. Kiini cha mfumo, tulichokiita noyau, huhesabu kila mara kinapokatizwa ili kisikilize jambo: ujumbe umefika, saa imegonga. Mkatizo huo kwa Kifaransa ni interruption. Kwenye mashine pepe, mikatizo mingi huletwa na programu msimamizi, kama vile mwenye parcelle, yaani kiwanja chenye nyumba za kupanga, anavyopokea wageni langoni na kuwaita wapangaji. Noyau huiwekea mikatizo hiyo mstari wake wa hesabu, nami niliunakili katika ripoti. Hesabu huanza sifuri mashine inapowashwa, na haishuki mpaka izimwe.

Jumatatu moja mkurugenzi aliushika mstari huo mkutanini.

"Mama Odette! Interruptions mamilioni? Na kila siku unasema batteries iko muzuri!"

"Bwana Directeur, ile haiko mambo ya courant," alijibu, yaani si mambo ya umeme.

"Basi iko ya nini? Tulikuwa na mashine ya chuma, ukatuletea mashine ya mupepo!"

Watu wakacheka. Kisha mkurugenzi akasema mkataba wa Mama Odette, uliokuwa unaisha mwezi ule, hautaongezwa. Kicheko kikakatika.

Sikumchukia mkurugenzi. Mjini kwetu, ukisema interruption, nani hafikirii umeme? Msimu uliotangulia, kabla ya seva mpya, matokeo ya wateja yalikuwa yamepotea taa zilipozimika, na ni yeye aliyekwenda kuwaomba radhi, mmoja mmoja.

Mchana mkuu wa idara alinichukua, tukaingia ofisini kwa mkurugenzi.

"Bwana Directeur," alisema mkuu, "courant ikikatika, mashine inazimika. Ikiwaka tena, ile hesabu inaanzia kwa zéro. Yetu kila mwezi inapanda tu."

Mkurugenzi akaichukua tena ile ripoti. "Kumbe kama ingekuwa kidogo, ndiyo ningeogopa?"

"Ndiyo vile."

"Mamilioni maana yake haiyazimika."

"Tangu Mama Odette aiwashe."

Akamwita Mama Odette. Mkataba mpya ulikuwa mezani, kalamu juu yake. Mama Odette hakukaa.

"Ulinisema mbele ya bantu, Bwana Directeur. Nitasinya mkataba kisha kusikia unatengeneza ile neno mbele ya bantu."

"Mama, tumeisha kuelewana."

"Sisi bane tumeelewana. Bale balicheka bado."

Aliyasema hayo akiwa na watoto watatu shuleni, na alijua kwamba mkurugenzi angeweza kuukunja ule mkataba.

Jumatatu iliyofuata mkurugenzi alisimama, akausoma mstari, akaueleza mwenyewe. Alikosea mahali pamoja. Mama Odette akamsahihisha, naye akashukuru. "Ile neno ya mupepo," akaongeza, "naiondoa." Mama Odette akaomba kalamu.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza ni faili gani inayoonyesha mikatizo ya mashine pepe. Nawaonyesha; ni kazi ya dakika. Kinachochukua muda ni kuandika kando ya namba, kwa lugha ya atakayeisoma, ni nini kinachohesabiwa na tangu lini. Ripoti zangu zote baada ya hapo zilikuwa na sentensi hiyo, na hakuna iliyotoka kabla Mama Odette hajaisoma.