Siku Niliyojifunga Kitenge cha Mama Mkwe

Nikianza kusimulia habari hii mke wangu huwa anatoka nje kwanza, akacheke peke yake, halafu anarudi na sura ya mtu mwenye adabu, kwa hiyo mjue mapema kwamba aibu yenyewe ni yangu mimi na wala sijaipunguza.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Baiskeli za gia nimejifunza mwenyewe hapa Nyakato, Musoma, kwa kufungua, kufunga na kutazama video kwenye simu, na majirani wakiniletea zao huwa siwarudishii kabla sijawapa somo. Somo lenyewe ni fupi: rekebisha kitu kimoja kwa wakati, na kisiposaidia kirudishe kilipokuwa ndipo uguse kingine. Nimelisema sana hilo (mke wangu anasema nimelisema hata kwa watu wasio na baiskeli).

Sasa, kwa asiyetoka huku, lazima nieleze kidogo. Katika ukoo wa mke wangu, mwanaume hali chakula ndani ya nyumba ya mama mkwe wake mpaka aalikwe siku maalumu, aje na nguo ya kumvika mama, ipokelewe, ndipo anaingia. Kabla ya hapo mnaamkiana kwa mbali, mama anatazama pembeni na wewe unatazama pembeni, na chakula unaletewa chini ya mti kama mgeni wa njiani. Dada zake mke wangu waume zao walishaingia wote, nimebaki mimi, kila mwaka kuna jambo, na mama anazidi kuzeeka. Mke wangu hakuwa ananilaumu kwa maneno, ila tukitoka Butiama alikuwa ananyamaza mpaka tufike Musoma.

Basi siku ikapangwa. Mke wangu akatangulia jana yake, akaniachia kitenge alichokichagua yeye mwenyewe, na mimi nikaamua kwenda na baiskeli yangu ya gia, mtumba niliyoipata Bunda na kuitengeneza mpaka ikawa inabadilisha gia bila sauti (nilitaka ukweni waione, sitadanganya). Nikapanda basi hadi Kiabakari, baiskeli ikalazwa kwenye buti chini ya magunia ya dagaa, nikashuka, nikafunga kitenge kwenye keria na kuanza kupandisha kuelekea Butiama.

Nikasikia cheni inasitasita. Gia ya nyuma ilikuwa inakataa kuipandisha kwenye lile jino kubwa, lile jepesi la kupandia mlima. Hapa ndipo penyewe. Mtu yeyote aliyepewa somo langu angejua aanze na waya, kwa sababu magunia yalikuwa yameuvuta ukalegea, na dawa yake ni kuukaza kidogo pale mwisho kwa vidole tu. Lakini nilikuwa na shati jeupe, jua limeshapanda, bisibisi iko mfukoni, nikasema ngoja nifungue ile skrubu inayozuia gia isiingie ndani kwenye spoku, labda ndiyo imebana. Nikafungua. Haikusaidia. Nikaukaza waya, cheni ikapanda vizuri kabisa, nikafurahi, nikapanda na kuondoka, na ile skrubu sikuirudisha. Yaani nilikuwa nimefungua lango la zizi, halafu nikamsukuma ng'ombe.

Kwa tambarare hakukuwa na tatizo. Nyumbani kwa mama mkwe kuna mwinuko mkali unaoishia uani, na uani walikuwa wamejipanga kina mama wa jumuiya wakiniona ninavyokuja, na mama mkwe mwenyewe katikati, na baba mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye msimamizi wa mambo ya ukoo, amevaa koti lake. Vigelegele vikaanza. Nikatafuta gia nyepesi ili nimalize kilima nikiwa nimekaa wima kama mtu wa heshima, cheni ikapanda jino kubwa, haikusimama hapo, ikaendelea hadi kwenye spoku, gia nzima ikaifuata, kikalia kitu kama sufuria limekanyagwa, na tairi ikasimama palepale. Baiskeli ikalala upande wake na mimi upande wangu, isipokuwa suruali, ambayo ilinaswa na ncha ya siti na kupasuka kutoka mkandani hadi karibu na goti, kwa nyuma.

Vigelegele vilikatika katikati. Sijawahi kusikia kigelegele kikikatika namna ile.

Kwetu huku mkwe kuonekana nguo ya ndani na mama mkwe wake si jambo la kucheka. Mama, Mungu ambariki, aligeuka mara moja, akajifunika kichwa na kuingia jikoni bila kukimbia. Nami kwa haraka nikavuta kilichokuwa karibu na mkono, nikajifunga kiunoni, nikasimama nikajikung'uta vumbi na kuwaamkia kina mama kama vile hakuna kitu.

Mke wangu akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Neema, hicho ni cha mama."

Nikatazama. Kweli kilikuwa chenyewe, na lebo yake inaning'inia gotini.

Nikataka kukivua (akanishika mkono, nashukuru). Lakini mambo tayari yalikuwa yameshaharibika, kwa sababu nguo iliyomsitiri mkwe, mama mkwe hawezi kuivaa, na hilo halina mjadala. Baba mdogo akasafisha koo, akasema bila hasira, "Mkwe haingiagi mikono mitupu. Atarudi baada ya mavuno." Mke wangu alitazama mlango wa mama yake, nikajua kimya cha kurudi Musoma kimeshaanza.

Ndipo Magesa, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akatokea jikoni ameziba mdomo kwa kiganja. "Shemeji, mama anauliza hilo dude lako linatembeaga, au kazi yake ni kuanguka tu."

"Mwambie linatembea," nikasema, "nikipata nyundo na msumari."

Akaingia, akatoka. "Anasema mashine ya kusaga iko mbali na shingo yake imechoka kubeba debe. Anasema kitenge akichukue mkeo, yeye aachiwe baiskeli, mimi nitakuwa nampelekea mahindi kusaga. Ila anasema kwanza ithibitishe kwamba haina kifafa."

Kina mama wakacheka mpaka wakaegemeana. Baba mdogo alifikiri kidogo, akasema kama mwenye kuvikwa ameridhika na baiskeli, yeye hana neno, lakini ataijaribu mwenyewe.

Basi nikakaa chini uani, nimefunga kitenge, suruali niliyoazimwa na Magesa bado inakauka kwenye kamba, nikang'oa ile gia iliyojikunja kwenye spoku, nikanyoosha spoku kwa plaizi, nikapiga pini ya cheni kwa msumari ikatoka, nikaikata cheni na kuiunga fupi kwenye jino la katikati. Gia zote nilizozihangaikia zikabaki moja. Magesa alikuwa pembeni ananisomea somo langu, kwa sababu niliwahi kumpa: "Kitu kimoja kwa wakati, shemeji. Kisiposaidia unakirudishaga kilipokuwa, si ndiyo?" Mimi nilikuwa na msumari mdomoni.

Baba mdogo akapanda na koti lake, akazunguka uani, akapita karibu na kuku, akashuka. "Haina kelele," akasema. "Aingie."

Niliingia na suruali ya Magesa, mbichi, imeishia juu ya vifundo. Mama mkwe akaweka ugali wa muhogo na kuku mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake akaniambia mimi moja kwa moja, "Karibu chakula, mkwe. Ukishiba utaniambia vile vyuma ulivyotoa vilikuwa vya kazi gani." Nikala. Mke wangu alikaa mkabala, na kurudi Musoma aliongea njia nzima.

Baiskeli iko Butiama hadi leo, inapeleka mahindi na muhogo kusaga, haijawahi kuhitaji fundi. Kile kitenge mke wangu alikishona, anakivaa kanisani, na mimi siku hiyo hutazama sana dari. Tukienda ukweni mama huniuliza kabla hata ya salamu, "Mkwe, umekuja na bisibisi?"

Namjibu, "Hapana, mama." Na ni kweli, kwa sababu tukifika chini ya kile kilima huwa nashuka kwenye bodaboda, najipapasa mifuko yote, ndipo napandisha kwa miguu.