Sikuinama Kuangalia Ekzosi

Bado sijaamini. Abdi, mfanyabiashara wa ngamia hapa Garissa, alileta gari lake la turbo niiwekee kompyuta ya injini programu ya kuongeza nguvu. Mwezi uliopita nilikuwa nimelifungia ekzosi pana, bomba kubwa la kutolea moshi.

"Fundi, huangalii chini ya gari?" Abdi akauliza.

"Kompyuta inaona kila kitu!" nikajigamba bila kuinama, nikaweka programu ya ekzosi pana, ambayo kwenye ekzosi nyembamba huua turbo.

Nikapanda, kompyuta nikaiegemeza juu ya mzigo wa gunia ulioachwa kati ya viti. Kwenye barabara ya Masalani, Abdi akakanyaga mafuta. Turbo ikalia kama chuma kinachosagwa, moshi ukatufunika.

"Umetia dizeli mbovu!" nikafoka.

Abdi akanikodolea macho. "Wallahi, ekzosi yako ilikuwa inakimbiza ngamia kwa kelele. Nikarudisha ile nyembamba ya zamani." Akafunua gunia chini ya kompyuta yangu. "Yako ndiyo hii."