Neno la Siri la Mshereheshaji

Mume wangu alikuwa mshereheshaji. Watu wengi wa Buswelu na Nyakato waliingia ukumbini siku ya harusi yao wakiongozwa na sauti yake. Alikuwa na uwezo wa kuwachekesha wakwe waliokuja wamenuna, na mvua ikikata umeme katikati ya sherehe, aliendelea kusema bila kipaza sauti mpaka watu wakasahau kwamba wamekaa gizani.

Kiharusi kilimpata asubuhi akinyoa ndevu. Alirudi kutoka hospitali akiburuta mguu wa kulia, mkono wa kulia umelegea, na maneno yamempotea. Akili ilikuwa nzima. Alinielewa, alicheka panapochekesha, lakini akitaka kuomba maji mdomo ulizunguka, ikatoka sauti isiyokuwa neno, naye akainamisha kichwa. Nyumba ambayo nilikuwa nikiilalamikia kwa kelele ikawa kimya, na ule ukimya sikuuzoea hata siku moja.

Daktari ndiye aliyetupa njia. "Kuna mwalimu wa usemi Dar es Salaam," alisema. "Anafundisha wagonjwa kwa mtandao, kwa hiyo hamna haja ya kumsafirisha mzee. Ila mtafute kioo kikubwa. Lazima aone midomo ya mwalimu vizuri, simu haitoshi."

Kioo kikubwa tulikuwa nacho. Kompyuta yake ya mezani, aliyokuwa akipangia nyimbo na ratiba za sherehe, ilikuwa bado sebuleni chini ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Ni ya zamani. Ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga, nawe unaweza kwenda kubandika chai na kurudi kabla haijawa tayari. Mwalimu alinielekeza kwa simu namna ya kuweka programu yake ya masomo. Katikati ya kazi hiyo kiliruka kisanduku cha onyo, nikakifunga kama mtu anavyofukuza nzi.

Siku ya somo la kwanza nilimvalisha shati lake jeupe. Tukakaa mbele ya kioo. Programu ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba imeshindwa kuunganisha. Nikazima, nikawasha. Ikarudia yale yale. Mwalimu akasema kwa upole kwenye simu kwamba tutajaribu siku nyingine. Mume wangu akaanza kufungua vifungo vya shati kwa mkono mmoja, polepole, na mimi nikaenda jikoni nikajifanya naosha vyombo.

Nikampigia wifi yangu, mdogo wake, anayefundisha kompyuta sekondari huko Sengerema. Nilimweleza yote.

"Usiguse kitu, wifi," akasema. "Jumamosi navuka ziwa."

Akavuka kweli, na mfuko wa matobolwa begani, maana kaka yake anapenda viazi hivyo vikavu kuliko mkate. Nyumba yetu ina wifi za aina mbili, moja ni kisanduku cha mtandao chenye taa ukutani, lakini siku ile iliyofanya kazi ni ya binadamu.

Kwanza alikagua nyaya. Halafu akaacha mtandao wetu akaunganisha kompyuta na simu yake mwenyewe. Programu ikashindwa vilevile. Akafungua tovuti ya habari. Ikafunguka bila shida.

"Basi mtandao hauna kosa," akasema. "Habari zinaingia, somo haliingii. Kuna kitu humu ndani kinachagua nani apite. Wifi, hukuona onyo lolote ulipokuwa unaweka hii programu?"

Nikamwambia habari za kile kisanduku nilichokifunga.

"Huo ndio ukuta wa moto uliokuwa unakuuliza kama mgeni huyu umruhusu. Hukuujibu, nao ukamzuia."

"Ukuta wa moto? Ndani ya kompyuta?"

"Ndivyo unavyoitwa. Ni mlinzi. Na huu umefungwa kuliko ninavyoona kwa watu wengine, unazuia mpaka vinavyotoka. Nani aliufunga hivi?"

Mume wangu akajigusa kifua. Hapo nikakumbuka. Bwana harusi mmoja alikuja na flashi yenye virusi, nyimbo zote za sherehe zikaharibika, na mume wangu akaapa kwamba hakuna kitu kitakachoingia tena bila idhini yake.

Wifi alifika kwenye ukurasa wa mipangilio. Vitufe vyote vilikuwa vimefifia, havibonyezeki. Ili kuvibadilisha, kompyuta ilidai neno la siri la mwenye mashine.

Tukatazamana, halafu sote wawili tukamgeukia mwenyewe. Neno lilikuwa kichwani mwake, na ndilo jambo asiloweza kutupa, kwa mdomo wala kwa kuandika, maana tangu augue herufi nazo zilimchanganya.

"Kaka, ni jina la mtu?" Akatikisa kichwa. "La mahali?" Akatikisa. Akafungua mdomo, zikatoka zile sauti, akapiga paja lake kwa hasira. Nilitaka tuache. Nilitamka kabisa kwamba tutafute fundi aifute mashine yote aanze upya. Lakini wifi alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti kwa magoti.

"Hatuna haraka," akamwambia. "Nionyeshe."

Akatulia. Kisha akainua mkono wa kushoto, akasimamisha vidole viwili juu ya kichwa.

"Pembe," wifi akasema. "Ng'ombe?"

Akaitikia kwa kichwa. Akamnyooshea kidole dada yake. Halafu vidole vyake vikakimbia juu ya meza, mbio mbio, mpaka vikaanguka ukingoni.

"Ng'ombe... mimi... nakimbia... Weee!" Wifi aliruka kwenye kiti. "Lile dume la babu!"

Mume wangu alicheka mpaka machozi. Wifi akanisimulia huku anafuta ya kwake: dume jeusi la babu yao lilimfukuza alipokuwa mtoto, likampitisha kwenye shamba la mihogo hadi kwenye tope la ufukweni. "Na huyu hapa, badala ya kuniokoa, alipanda juu ya kichuguu akawa anatangaza zile mbio kama mpira wa redioni!"

Aliandika jina la lile dume, jina la Kisukuma. Ikakataa. Mume wangu akasogeza mkono, akagusa kitufe cha herufi kubwa.

"Ahaa. Linaanza na herufi kubwa. Dume lile umelipa heshima kuliko mimi."

Ikafunguka.

"Sasa si tuuzime tu huo ukuta wote?" nikauliza, nikiogopa usije ukatufungia tena.

"Hapana, wifi. Nyimbo zake alizozikusanya upya zimo humu. Tunamruhusu huyu mmoja, wengine wabaki nje." Akanionyesha orodha ya programu, ile ya masomo ikiwa na alama ya kuzuiwa, akaibadilisha. Alinifanya niirudie mwenyewe mpaka nikaweza.

Tukampigia mwalimu. Alikuwa sokoni, akatuomba tumsubiri afike nyumbani. Alipotokea kwenye kioo, mwanamke wa makamo mwenye kilemba cha kijani, hakuanza na herufi wala picha. Alimtazama mume wangu, akasema taratibu, "Shikamoo, mzee." Akangoja.

Nilitaka kumjibia. Wifi akanishika mkono. Mume wangu alikunja uso, midomo ikatetemeka, na kutoka mahali ambapo kiharusi hakikufika ikaja: "Malahaba."

Kwa ile *l* yake ya nyumbani, aliyokuwa akiificha mbele ya kipaza sauti. Sikuwahi kusikia neno zuri kuliko hilo. Mwalimu alieleza baadaye kwamba salamu na maneno ya mazoea mara nyingi hubaki hata mengine yakiondoka, na kwamba masomo huanzia hapo.

Masomo yanaendelea. Hajarudi alivyokuwa, na huenda asirudi. Lakini tunaongea. Namshukuru daktari yule, namshukuru mwalimu ambaye hatujawahi kushikana naye mikono, na wifi yangu namwombea kila ninapoiona njia ya Sengerema. Hata ile mashine nzee naifuta vumbi kwa adabu.

Maneno mengine bado yanampotea njiani. Juzi nilikuwa ndani nikamsikia akiita kutoka barazani, "Mjomba anakuja! Anua nguo!" Nikatoka mbio nikianua, huku nawaza mjomba yupi, na kabla sijamaliza kamba matone makubwa ya mvua yakaanza kuanguka kutoka upande wa ziwa. Tukasimama barazani na nguo mikononi mwangu, tunamtazama mjomba akinyesha, tukicheka.